Kikopo cha Saa Nne

Ukipewa kikopo chenye mfuniko na kuambiwa ulete mkojo, uliza kwanza: wa saa ngapi? Wengi hatuulizi. Tunakipokea kikopo, tunakisitiri ndani ya mkoba au chini ya kanga, tunatafuta choo kilipo, kisha tunarudi dirishani huku tunatazama pembeni kana kwamba mzigo si wetu. Aibu hiyo naielewa, ila saa ya mkojo ni sehemu ya kipimo.

Anayepima ujauzito anapenda mkojo wa alfajiri, kwa sababu umekaa usiku kucha na homoni anayoitafuta imejikusanya. Anayetafuta mayai ya kichocho anautaka wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na ni vizuri zaidi kama mtu ametembea au kurukaruka kidogo kabla ya kukojoa, maana saa hizo ndipo mayai hutoka kwa wingi. Anayetafuta seli za saratani ya kibofu, yeye hautaki kabisa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Anataka wa pili, au wowote unaofuata, ukiwa bado una joto la mwili.

Ukijua kwa nini huyu wa tatu anaukataa mkojo wa alfajiri, nusu ya somo umeshaipata. Tuanzie ukutani.

Tembe la Kigogo ni fito zilizokandikwa udongo, na paa lake bapa nalo ni udongo. Aliyelala humo utotoni anajua kwamba ukuta husomwa kwa kutazama sakafu. Ukiamka ukakuta vumbi jembamba chini, hilo ni la kila siku, unafagia. Ukikuta mabonge, tena mabonge yenye rangi usiyoizoea, unainua macho kutafuta yalikotoka. Sasa fikiria umekatazwa kuinua macho. Huna taa, huna ngazi, unachoruhusiwa kukitazama ni kile kilichodondoka tu. Hiyo ndiyo hali ya mtaalamu anayepima seli za mkojo. Kibofu hakioni, anaona kilichoanguka kutoka kwenye ukuta wake.

Ukuta wenyewe una utando wa ndani wenye tabaka 3 hadi 7 za seli. Kibofu kikiwa kitupu tabaka hizo hukusanyika zikawa nene, kikijaa hutandazika. Juu kabisa, upande unaogusana na mkojo, kuna seli kubwa zinazofunika nyingine kama miavuli, na huitwa hivyo hivyo, seli mwavuli. Kazi yao ni kuzuia mkojo, ambao ni uchafu mwili umeshautoa kwenye damu, usirudi tena mwilini. Ni kazi ngumu, lakini seli hizi hazina haraka ya kufa. Utando wa utumbo hujibadilisha ndani ya siku chache. Huu wa kibofu huchukua miezi. Kwa hiyo mkojo wa mtu mzima mwenye afya, ambao kwa kawaida ni kama lita moja na nusu kwa siku (na pungufu ya hapo kwa anayepalilia mizabibu Hombolo jua la Oktoba likimkausha), hubeba seli chache tu za utando huo. Wingi peke yake ni habari.

Ndani ya kibofu, seli iliyodondoka inaelea kwenye maji yenye chumvi, urea na mara nyingi asidi. Dakika chache si neno. Saa saba za usingizi ni jambo jingine: seli huvimba au kusinyaa, kiini chake hugeuka giza au kuvunjika vipande, kingo zake huoza. Mtaalamu akiitazama kesho yake hawezi kusema kama seli ilikuwa mbaya tangu ukutani au imeharibikia majini. Ndiyo maana mkojo wa alfajiri humwagwa, mtu akanywa maji, akasubiri wa pili.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe. Seli za utando hushikana kwa protini zinazoingiliana kama vishikizo na matundu yake. Saratani huanza pale seli moja inapopata makosa katika maelekezo yake ya kurithi na kuanza kugawanyika bila kusikiliza jirani. Lakini saratani za kibofu hazifanani tabia. Zipo za pole. Hizi huota kama kichaka kidogo ndani ya kibofu, hurudi zikikatwa, zinaudhi, ila mara chache huua. Seli zake bado zina sura ya kifamilia, na vishikizo vyake vingi bado vimefungwa. Zipo na kali, zinazochimba ukuta kuelekea kwenye msuli na nje yake. Hizi zimepoteza vyote viwili: sura imeharibika, na vishikizo vimeachia.

Hapo ndipo penye bahati ya kipimo hiki. Seli inayoachia kirahisi ndiyo hiyo hiyo yenye sura ya kutambulika. Saratani kali humwaga ushahidi wake kwenye mkojo, na ushahidi huo unasomeka. Saratani ya pole hushikilia seli zake, na hata zikidondoka hufanana na za kawaida kiasi kwamba mtaalamu mzoefu huzipita. Ukisoma miongozo ya madaktari wa mfumo wa mkojo, utakuta kipimo kinakamata takriban 8 kati ya kila saratani 10 kali, lakini zile za pole hakifikishi hata 2 kati ya 10. Watu husikia takwimu hiyo ya pili wakaamua kipimo hakifai. Mimi naona hawajauliza swali sawasawa. Kama ungelazimika kuchagua mwizi mmoja wa kumkamata, ungemchagua mwenye panga.

Aliyelifanya jambo hili kuwa kazi ya kila siku hospitalini ni George Papanicolaou, daktari Mgiriki aliyehamia Marekani, yule yule ambaye jina lake limefupishwa kwenye kipimo cha mlango wa kizazi. Mwaka 1945, akiwa na daktari wa upasuaji Victor Marshall, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba masalia ya mkojo yakipakwa kwenye kioo na kutiwa rangi huweza kufichua saratani za njia ya mkojo. Utaratibu haujabadilika sana. Mkojo huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka kilicho kizito kikae chini, maji ya juu humwagwa, masalia hutandazwa kwenye slaidi, rangi hufuata, kisha jicho na hadubini.

Jicho linatafuta nini? Chukua ubuyu, ambao Dodoma hatuna haja ya kuutafuta mbali. Pasua tunda, toa punje moja. Katikati kuna mbegu, pembeni kuna unga mweupe. Seli ya kawaida ya utando ni punje yenye unga mwingi: mbegu, yaani kiini, ni ndogo ukilinganisha na kinachoizunguka. Seli ya saratani kali ni punje ambayo mbegu imejaa karibu yote na unga umebaki ukungu mwembamba pembeni. Sababu yake si fumbo. Kiini ndicho kinachotunza maelekezo ya kurithi, na seli inayogawanyika ovyo hurundika nakala za maelekezo hayo, nyingine zisizo kamili. Ghala likijaa, hutanuka. Rangi inayotumika, ambayo asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati, hushika kwenye kiini, na kwa kuwa mzigo umezidi, kiini huonekana cheusi zaidi. Mpaka wake nao, badala ya kuwa mviringo laini, huwa na mikunjo na pembe.

Kwa miaka mingi kila maabara ilitumia maneno yake, na neno "seli si za kawaida" lilimaanisha kitu kimoja mji huu na kingine mji ule. Mwaka 2013 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Paris, na mwaka 2016 ukachapishwa mfumo unaobeba jina la mji huo. Mfumo huo uliweka rula: kiini kikichukua zaidi ya nusu ya seli, anza kutilia shaka, kikizidi sehemu 7 kati ya 10, pamoja na weusi na mpaka ulioharibika, unaelekea kwenye saratani kali. Uliweka pia wazi kwamba lengo la kipimo ni kuisaka hiyo saratani kali. Hizo za pole waliachiwa watu wa kamera, wanaochungulia kibofu kupitia njia ya mkojo.

Tufanye hesabu kidogo, ya kufundishia tu. Chukua watu 1,000 waliofika hospitali kwa sababu wamekojoa damu, na tuchukulie 100 kati yao wana saratani ya kibofu, 60 kali na 40 ya pole. Kipimo kitawakamata 48 wa kali na labda 6 wa pole. Kati ya 900 wasio na saratani, tuseme kinakosea kwa 5 katika kila 100, hivyo 45 watapata majibu ya kutisha bure. Waliopewa majibu mabaya jumla ni 99, na zaidi kidogo ya nusu yao ni wagonjwa kweli. Hayo ni majibu ya kumkimbiza mtu kwenye kamera. Sasa tazama upande wa pili: walioambiwa "hatukuona kitu" ni 901, na ndani yao wamo wagonjwa 46, 12 kati yao wana saratani kali.

Kwa hiyo majibu mazuri ya kipimo hiki hayamruhusu mtu anayekojoa damu kurudi nyumbani. Bonge halikudondoka leo. Kuhusu ukuta hatujasema lolote. Na ukihamisha kipimo hicho hicho kutoka kwa wakojoa damu ukakipeleka kijijini kwa watu 10,000 wasio na dalili, ambao pengine 5 tu ndio wagonjwa, utatisha karibu watu 500 ili kuwapata 3 hivi. Ndiyo sababu hakuna anayekwenda nyumba kwa nyumba na vikopo kutafuta saratani ya kibofu.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba kibofu cha Dodoma ni sawa na cha Paris. Sicho, au tuseme, si lazima kiwe.

Katika nchi tajiri adui mkuu wa kibofu ni sigara, na baada yake kemikali za viwandani. Tangu 1895 Ludwig Rehn, daktari wa upasuaji wa Frankfurt, aliona uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Saratani inayotokea huko hutoka kwenye seli za utando wenyewe, na rula ya Paris ilitengenezwa kwa ajili yake. Kwetu kuna mnyoo wa kichocho. Daktari Theodor Bilharz alimwona Cairo mwaka 1851. Mwaka 1911, Cairo hiyo hiyo, mtafiti aitwaye Ferguson aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na kichocho na saratani ya kibofu kwa pamoja. Na mwaka 1994 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, ilimweka mnyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi visivyo na shaka.

Mnyoo huyo huishi kwa miaka kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai kila siku, kila yai lina mwiba nchani. Mayai yanayofanikiwa kupenya ukuta hutoka na mkojo, pamoja na damu. Yasiyofanikiwa hubaki ndani ya ukuta na kuuwasha mwaka hadi mwaka. Utando unaowashwa namna hiyo hufanya kile kinachofanywa na kiganja cha mshika jembe: huota sugu. Seli laini za utando hugeuka bapa, zenye keratini, kama ngozi. Mabadiliko hayo si saratani. Ila seli zinazokufa na kuzaliwa upya bila kupumzika ndiko makosa ya kunakili yanakojilimbikiza, na saratani inayozaliwa hapo huwa ya seli bapa. Sura yake kwenye slaidi ni tofauti: seli zenye mikia kama viluwiluwi, zilizoiva rangi ya chungwa kwa sababu keratini huinywa rangi hiyo. Rula ya mbegu na unga hapa haitoshi. Kibaya zaidi, sugu isiyo na saratani nayo humwaga seli bapa, na uvimbe wa kichocho huleta usaha na damu vinavyofunika kila kitu. Kuna fidia moja: mara nyingine yai lenyewe, na mwiba wake, hulala kwenye slaidi ile ile kando ya seli.

Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipitia majalada ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa miaka kumi na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Zaidi ya nusu walikuwa na saratani ya seli bapa. Karibu 45 katika kila 100 walikuwa na mayai ya kichocho kwenye nyama iliyokatwa. Na wanawake walikuwa 95, wanaume 90. Takwimu hiyo ya mwisho nimeirudia mara mbili kuisoma, kwa kuwa kwingineko duniani wanaume huwazidi wanawake mara tatu hivi. Kichocho huambukizwa majini, na nani hufua nguo na kuchota maji bwawani? Utafiti huo haukuulizwa swali hilo, naliuliza mimi.

Utasema Mwanza ni mbali. Mbali kwa basi, ndiyo. Lakini uwanda huu nao una malambo na mabwawa, Hombolo na Mtera yakiwamo, ambako maji hutulia na majani huota ukingoni, mahali anapopapenda konokono anayemlea mnyoo huyu. Konokono wa jamii hiyo wana ujuzi unaofaa nchi kame: lambo likikauka, baadhi hujifukia kwenye tope na kungoja mvua ya Desemba. Halafu Dodoma ni mji wa watu waliotoka kila pembe. Karani anayeshuka daladala Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, huenda aliogelea utotoni kwenye madimbwi ya Kwimba kule Mwanza, au kwenye kijito cha Pemba kabla ya kampeni za kukiondoa kichocho kisiwani. Vidonge vya prazikwanteli vilimwondolea minyoo zamani. Kovu la ukuta halikuondolewa na vidonge.

Mtu kama huyo akikojoa damu ana hatari ya kupotea njiani kwa namna iliyo ya kawaida sana. Mwanamke huambiwa ni U.T.I., yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kupewa dawa, damu inakata, kwa sababu damu ya saratani nayo huja na kuondoka kwa hiari yake, na dawa inapata sifa isiyostahili. Mwanaume mzee huambiwa tezi dume. Nina jamaa aliyemeza dozi nne za namna hiyo kabla hajakutana na kamera. Damu kwenye mkojo isiyo na maumivu, kwa mtu aliyevuka miaka 40, ni ya kuchunguzwa mpaka chanzo kionekane: utrasaundi kwanza, kisha kamera inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, na kama kuna uvimbe, kukata kipande cha nyama yake.

Kamera hiyo haipo kila mahali. Dodoma mjini huduma za mkojo zimekua, na Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, lakini kwa anayeishi Kondoa ni safari ya zaidi ya kilomita 150, nauli, mahali pa kulala na siku za shamba zilizopotea. Kikopo kinaweza kusafiri badala yake, kwa sharti. Seli haziwezi kukaa kwenye buti la basi jua la saa nane. Mkojo ulioachwa kwenye joto huzaa bakteria wanaokula ushahidi. Ukichanganywa nusu kwa nusu na alkoholi ya maabara mara tu unapotolewa, au ukiwekwa kwenye ubaridi na kufika siku hiyo hiyo, una maana. Vinginevyo ni afadhali nauli hiyo imlete mgonjwa mwenyewe.

Hapo kipimo kina faida moja ya wazi: majibu mabaya humpandisha mtu kwenye foleni. Aliyepangiwa kamera baada ya miezi miwili anaingizwa wiki hii. Faida nyingine ni kwa wale ambao tayari wametibiwa saratani kali na wanafuatiliwa. Wengi wao huwekewa ndani ya kibofu BCG, chanjo ile ile inayowaachia watoto kovu begani, tiba aliyoieleza Alvaro Morales wa Kanada mwaka 1976. Saratani inayorudi kwao inaweza kuwa bapa kwa umbo, si kwa aina ya seli, imetambaa kwenye utando bila kunyanyuka, na kamera inapita juu yake ikiona wekundu tu. Seli zake zinaachia kirahisi mno. Huyu ndiye mwizi ambaye sakafu humwona kabla ya ukuta.

Lakini BCG yenyewe hukasirisha utando na kuzibadili sura seli. Mawe ya kibofu nayo hukwangua mabonge ambayo hayakuwa yadondoke. Mpira wa mkojo vivyo hivyo, na virusi fulani hujaza kiini mpaka kikafanana na cha saratani. Mtaalamu aliye kwenye hadubini hawezi kuyajua hayo kwa kutazama. Anayajua kwa kusoma fomu inayoambatana na kikopo, ile sehemu ya historia ambayo ina mistari miwili tu na ambayo mgonjwa anaweza kusaidia kuijaza kwa kusema bila kuulizwa. Mistari miwili inatosha. Miaka 52, damu bila maumivu mara tatu tangu Pasaka, alikulia Kwimba, alivuta sigara miaka 20, hana mawe, hajawahi kuwekewa mpira. Mkojo wa pili wa leo, saa nne na dakika kumi.